Mbuzi wa Mama Mkwe

Siku hizi kila mwenye tumbo ana presha, na kila mwenye presha ana washauri. Mmoja anakwambia utafune kitunguu saumu asubuhi, mwingine anakwambia uchemshe maua mekundu unywe maji yake. Binti yangu ameniletea mashine ya kufunga mkononi, na ananiambia nifumbe macho nivute pumzi polepole. Mimi huvuta. Sina haja ya kubishana na mtoto niliyemsomesha mwenyewe. Lakini habari ya kushusha damu bila dawa niliijua kabla yeye hajazaliwa, wakati wa Imajensi, na aliyenifundisha hakuwa mtu wa kitunguu. Nilifundishwa na mama mkwe wangu na mbuzi mmoja.

Kabla sijaendelea: mwenye vidonge ameze vidonge vyake. Sisi hatukuwa navyo. Naeleza walichofanya watu wasio na kidonge, basi.

Mimi ni mchinjaji. Shuleni nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu na kusoma la mwingine, nikatoka. Nilitembea kwa miguu mpaka mjini Embu, nikaandikwa kazi na Waislamu wenye bucha. Niliosha matumbo mpaka nikapewa kisu cha kukatia, maana cha kuchinjia walishika wenyewe. Nilipoona nimejua kazi, nikarudi kwetu nikafungua bucha yangu pale Karurumo. Hakuna mtu aliyenisaidia. Nasema hivyo kwa sababu wako wanaosema walinisaidia.

Nilipokwenda kuposa, wajomba wa msichana walicheka. Walisema mwosha matumbo si mume, ni harufu. Aliyenyamazisha hicho kicheko ni mama yake, mjane, na huyo msichana ndiye mtoto wake peke yake. Alisema kutoka ndani ya nyumba, bila kuonekana, kwamba anayeosha matumbo hawezi kulala njaa. Nilimsikia nikiwa nje. Hivyo ndivyo nilivyomjua mama mkwe wangu, kwa sauti, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kwetu mkwe haangaliani na mama mkwe wake. Ukimwona njiani unaingia kwenye majani. Yeye naye anavuta shuka anafunika uso. Haya yanaendelea mpaka siku utakapompelekea mbuzi wa kuondoa aibu. Anachinjwa, pande zote mbili zinakula, na kuanzia hapo mnaweza kusalimiana kama watu. Mimi nilikuwa bado.

Halafu ikaja Imajensi, hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, tukatolewa mashambani tukawekwa kijijini, vibanda kwa safu, handaki limezunguka pande zote na vijiti vilivyochongwa ndani yake. Serikali ilipanga vibanda bila kuuliza nani ni mkwe wa nani. Changu na cha mama mkwe vilitazamana mlango kwa mlango, katikati njia ya kupita mtu mmoja na ndoo. Asubuhi nilikuwa natoka kinyumenyume. Yeye alitoka na shuka kichwani. Jirani mmoja aliyekuwa na mdomo alisema sisi wawili ndio watu wenye adabu pekee kijijini, na ndio tutakaoanguka kwenye handaki kwa kutotazama tunakokwenda.

Aliyeanguka ni yeye. Haikuwa ndani ya handaki, ilikuwa ukingoni, siku ya kazi ya lazima, jembe mkononi. Wanawake walisema alisimama akashika kichwa, akauliza kwa nini hedimani, yule msimamizi wa kijiji, wamekuwa wawili wakati mmoja anatosha. Kisha damu ikamtoka puani ikalowesha nguo.

Mimi nilikuwa napeleka nyama kwenye posti ya askari, kwa hivyo kupata pasi ya kutoka hakukunishinda. Tulikwenda zahanati watu watatu kwa mstari: mimi mbele kabisa, mke wangu katikati, mama mkwe nyuma na shuka yake. Kwenye kizuizi alikuwapo askari wa kutoka mbali. Akatusimamisha.

“Huyu mama ni nani wako?”

“Mama mkwe.”

“Mbona hamwangaliani?”

“Ni mama mkwe.”

Akafikiri tunamficha kitu. Mke wangu akamweleza desturi yetu, akaieleza tena. Mwishoni askari alisema kwao mtu akiwa na mama mkwe hupewa chai. Akatuacha tupite.

Dresa wa zahanati, ambaye sisi tulimwita daktari na yeye hakukataa, alimfunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama zebaki inavyopanda kwenye kioo. Akaitazama tena. Akatoka nje nilikokuwa nimesimama nikitazama ukuta.

“Damu imepanda sana,” akasema. “Aache chumvi. Nyama ya mafuta aache. Asichimbe, asibebe mizigo. Atembee polepole kila siku. Na asikasirike.”

“Asikasirike mwaka gani?”

“Mwaka huu.”

“Haya. Na dawa?”

“Dawa ya huu ugonjwa hapa hakuna. Akiendelea hivi mshipa utapasuka kichwani, upande mmoja wa mwili utalala. Au asiamke kabisa.”

Mke wangu alisikia.

Sasa shida yangu ikawa hii. Mimi ni mchinjaji. Heshima ya mchinjaji kwa mama mkwe ni nyama. Nilikuwa nampelekea kidari kila nilipochinja, na pakiti ya chumvi juu yake, kupitia kwa mke wangu, na wanawake wa safu nzima walijua. Sasa nimpelekee mboga za majani. Nilimpa mke wangu ujumbe, akavuka njia, hatua chache, akaingia kibandani kwa mama yake. Mimi nilisikia kila kitu kwa sababu kuta zilikuwa za fito.

“Mama, mume wangu anasema chumvi uache, na nyama.”

“Nyama imeisha bucha?”

“Haijaisha.”

“Basi mkwe wangu amechoka na mimi. Mwambie nimesikia. Mwambie nilizaa msichana mmoja, nikamtoa kwa mwenye bucha, sasa nalishwa kama sungura.”

“Mama, umeambiwa usikasirike.”

“Sijakasirika! Nani amekasirika?”

Jirani wa mdomo akapiga kelele kutoka kwake kwamba hata yeye hajakasirika.

Alikula githeri, mahindi na maharagwe, bila chumvi kama mtu anayetafuna kokoto. Siku chache tu, majirani wakaanza kumwonea huruma. Na hapa ndipo watu wetu walifanya kosa ambalo sidhani lingefanywa mahali pengine. Walifikiri hivi: tumeambiwa damu imepanda, maana yake imezidi. Ikizidi inapunguzwa. Sisi tunajua kutoa damu. Ng'ombe tunamfunga kamba shingoni, tunampiga mshale uliozibwa karibu na ncha, damu inatoka, ng'ombe anaenda zake kula majani. Wakamwita mzee aliyekuwa akipiga chuku. Akaja na pembe yake. Akamchanja mgongoni, akaweka pembe, akafyonza kwa mdomo, akaziba tundu kwa nta. Pembe ikajaa. Mama mkwe alisema kichwa kimekuwa chepesi. Kila mtu akafurahi.

Ila kwetu pia, mtu aliyetokwa na damu harudishwi kazini hivihivi. Mwanamke aliyejifungua, kijana aliyetoka tohara, mtu aliyekatwa na panga, wote wanarudishiwa damu. Hiyo ni desturi na haina ubishi. Kwa hivyo wanawake wale wale waliomwitia mzee wa pembe wakachanga, wakamtengenezea mutura. Kwa asiyejua, huo ni utumbo uliojazwa nyama, mafuta na damu, ukatiwa chumvi ya kutosha, ukachomwa. Wakampa na mchuzi wa mifupa juu yake. Damu iliyotolewa mgongoni asubuhi ikarudishwa mdomoni jioni, na zaidi. Utumbo ulinunuliwa kwangu. Damu pia ilitoka kwangu. Kwa Waislamu wa mjini nilikofundishwa kazi damu ilimwagwa, lakini Karurumo nilikuwa naikinga kwenye karai kwa sababu watu waliitaka. Niliwauzia nikawauliza ni sherehe gani. Wakasema ni ya mgonjwa, nami sikuuliza ni yupi. Nikawaongezea kipande.

Kesho yake, akiwa ameshika kibuyu cha uji, mkono wa kushoto ulikiachia. Mdomo ukavutika upande. Alijaribu kumtukana jirani akashindwa kutoa neno, na hapo ndipo watu walijua mambo ni mazito. Ilipita kabla ya jua kuwa kali. Neno likarudi, mkono ukarudi. Dresa alipoelezwa habari ya pembe na mutura aliuliza, “Kwani mlikuwa mnamtibu au mnamnenepesha?” Akasema hilo lilikuwa onyo. La pili halitapita.

Mke wangu aliacha kula. Alikaa mlangoni anatazama mlango wa mama yake. Mimi ni mtu wa kazi, sijui kukaa mlangoni. Nikaanza kupanga.

Chakula kiliwezekana. Mke wangu angepika yeye mwenyewe: mbaazi, ndizi, kunde, maboga, na badala ya chumvi angekamua ndimu. Kilichonishinda ni handaki. Hedimani alisema hapati ruhusa mtu mwenye miguu miwili. Nilimpelekea ini. Si rushwa, ini. Akala, akasema sheria ni sheria, lakini kuna kitu kimoja: mbuzi na ng'ombe wote wa kijiji wanalala kwenye boma moja kando ya posti, wanatolewa saa za malisho chini ya ulinzi, na kila nyumba yenye mnyama inatoa mchungaji. Mchungaji hachimbi.

“Mama mkwe wako ana mnyama?”

“Hana. Waliisha wakati wa kuhamishwa.”

“Basi anachimba.”

Nikatoka nikiwa nimeshapata jibu. Mchungaji hutembea polepole kila siku, hainui kitu, na hakuna wa kumkasirisha huko ila mbuzi. Ni yale yale ya dresa. Ilibaki mbuzi tu. Lakini mkwe hawezi kumpelekea mama mkwe mbuzi bila sababu, watu watauliza umemkosea nini. Mbuzi mwenye sababu alikuwa mmoja tu, yule wa kuondoa aibu, na huyo huja kuchinjwa.

Nilimleta jike mweupe mwenye masikio meusi. Wazee walikuja wakiwa wamevaa vizuri. Mmoja alikuja na kisu chake.

“Hatuchinji leo,” nikawaambia.

“Mbuzi wa kuondoa aibu hafugwi. Analiwa.”

“Ataliwa akishapona.”

“Mbuzi ni mgonjwa?”

“Mama ndiye mgonjwa.”

Wakatazamana. Yule wa kisu akasema hajawahi kuona mchinjaji anayeogopa kuchinja. Nikamwambia hajaona mengi. Mwishoni wakakubali kwa sharti kwamba mpaka mbuzi achinjwe, aibu iko pale pale. Nisimwangalie, asinitazame, tusisemeshane. Nikasema sawa. Nilidhani ni miezi michache.

Akaanza kuchunga. Asubuhi filimbi ikipigwa, alitoka na shuka yake na fimbo, mbuzi mbele, mlinzi nyuma, mpaka mtoni na kurudi. Wanawake waliobaki kwenye handaki walimwita bibi wa serikali. Alikonda kidogo, akawa analala vizuri. Mke wangu akaanza kula.

Lakini alipopelekwa zahanati, zebaki ilikuwa bado juu. Dresa akatuuliza kama kuna anayempa chumvi. Mke wangu akaapa. Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nakula chakula hicho hicho na najua kilivyokuwa.

Mimi sijui habari ya zebaki ila najua mbuzi. Yule mbuzi nilimnunulia jiwe la chumvi ya mifugo, lile la kijivu, alilambe. Jiwe lilikuwa linaisha haraka. Sasa mbuzi mwenye chumvi ana manyoya yanayong'aa. Huyu alikuwa na manyoya kama gunia, na kila mtu akipita alimlamba mkono kwa ajili ya jasho. Alimlamba hedimani mpaka kwenye kiwiko. Basi nikajiuliza: ikiwa mbuzi ana njaa ya chumvi na jiwe linaisha, ni nani anayelamba jiwe?

Sikuweza kumtuma mke wangu. Angelia, au angemkaripia mama yake, na damu ingepanda kwa hayo. Nikangoja mpaka mama mkwe aliporudi na mbuzi, kabla mlinzi hajampeleka bomani. Nikasimama kwenye njia yetu ile nyembamba nikiwa nimempa mgongo. Mbuzi alikuwa katikati. Nikasema na mbuzi.

“Wewe mbuzi. Jiwe nililokununulia linakwenda wapi?”

Nyuma yangu ikatoka sauti ile niliyoisikia siku ya posa:

“Mbuzi, mwambie huyo mtu kwamba unalamba sana.”

“Mbuzi, mimi nimechuna mbuzi wengi kuliko wewe ulivyo na nywele. Hujalamba kitu wiki nyingi.”

“Mbuzi, mwambie chakula cha binti yangu hakina ladha.”

“Mbuzi, najua. Nakila pia.”

Nikasikia jirani wa mdomo amefungua mlango wake asikie vizuri. Nikaendelea kwa sababu nilikuwa nimeanza.

“Mbuzi, sikiliza. Siku ile mkono ulipoangusha kibuyu, mke wangu alikaa mlangoni hakula. Hana mama mwingine. Na mimi nilipoitwa harufu, kuna mtu mmoja tu aliyenitetea. Ukiendelea kumpa jiwe lako, nitakuchinja kesho, arudi kuchimba handaki, na tutamzika na jembe.”

Sikusema kwa upole. Sijui kusema kwa upole. Kisha nikasikia kitu kinaanguka chini, kizito kidogo. Alikuwa amefungua fundo la shuka. Kipande cha jiwe, kimelambwa upande mmoja mpaka kikawa laini kama sabuni. Mbuzi alikirukia.

“Mbuzi,” akasema, “mwambie huyo mtu ana mdomo mbaya.”

“Mbuzi, mwambie ni mdomo wa bucha.”

Jirani akafunga mlango wake.

Baada ya hapo manyoya ya mbuzi yalianza kung'aa, na zebaki ikaanza kushuka. Haikushuka siku moja. Kuna miezi ilikataa, kama mwezi ambao askari walimchukua mtoto wa ndugu yake usiku na haikujulikana amepelekwa wapi. Mwezi huo hakuna ndimu wala matembezi yaliyosaidia, na dresa hakuuliza kama alikasirika. Lakini alitembea. Siku ambazo hakutaka kuamka, mbuzi alilia bomani mpaka mlinzi akamwita kwa matusi, akaamka kumjibu. Na jioni tulisemeshana kupitia kwa mbuzi. Mbuzi aliambiwa habari za bei, za mvua, za mimba ya mke wangu. Mbuzi yule alijua mambo ya nyumba yetu kuliko paroko.

Imajensi ilipoisha na watu wakarudi mashambani, dresa alimpima akasema damu yake ni nzuri kuliko ya dresa. Wazee wakaja tena, wamevaa vizuri. Yule wa kisu alikuja na kisu. Mbuzi alikuwa ameshazaa mara kadhaa na nyama yake ilikuwa ya kutafunwa na mwenye subira, lakini deni la desturi ni deni. Mimi mwenyewe nilikuwa tayari. Nilitaka nimsalimie mama mkwe wangu kwa mkono.

Alisema kutoka ndani ya nyumba yake mpya:

“Hamchinji.”

“Mama, umepona,” wazee wakasema. “Ilikuwa achinjwe ukipona.”

“Nimepona kwa kutembea. Nikimla huyu, nani atanitembeza?”

“Utatembea peke yako.”

“Mwanamke anayetembea peke yake bila sababu huitwa mwendawazimu. Mwenye mbuzi ni mchungaji.”

Mzee wa kisu akarudisha kisu alani.

“Basi ujue aibu itabaki,” akasema mzee wa kisu. “Hutamwona mkwe wako.”

“Ibaki. Aibu haijawahi kunipandisha damu.”

Wakaondoka na njaa. Nikawapa ini.

Mbuzi yule alikufa kwa uzee, na kabla hajafa mwanawe alikuwa ameshachukua kazi, na deni. Baada yake mwingine, wote weupe, masikio meusi. Mama mkwe alitembea mpaka mtoni na kurudi kila siku ya Mungu, akila mbaazi na ndimu. Akaona wajukuu wakienda shule, akaona baadhi yao wakioa, na hakuna upande wake uliolala. Jioni nikipita kwake nilisimama nje ya uzio nikitazama upande wa pili, na mbuzi aliambiwa yote. Alipokufa alikuwa mzee sana, na kilichomchukua ni homa ya siku mbili. Mazikoni nilisimama nyuma ya watu, kama inavyotakiwa, kwa sababu mbuzi wa mwisho alikuwa bado hai.

Binti yangu, huyu wa mashine ya mkononi, ana mwanya kwenye meno ya mbele. Watu humwambia ni mwanya wa bibi yake. Mimi huitikia tu. Sikuwahi kuuona.